Viatu vya Januari

Jumamosi asubuhi Salesio aliteremka hadi soko la Kanyakine akiwa na uzi wa katani mfukoni. Alikuwa ameukata kwa kisu baada ya kuupima kwenye unyayo wa binti yake, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, kisha akauongeza upana wa kidole kimoja. Alipita kando ya lori lililokuwa likipakiwa ndizi, akawapisha vijana waliobeba mikungu mabegani, akasimama mbele ya turubai la Kithaka, muuzaji wa viatu vya shule.

Kithaka aliutazama uzi huo.

"Fundi, siku hizi unapima watu kwa kamba? Hapa si karakana ya majeneza."

"Nataka vyeusi. Vya mkanda."

"Mlete mtoto avijaribu. Kiatu si meza. Kikibana, hukipigi randa."

"Haji."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Hatembei."

Kithaka alijua, kama soko zima lilivyojua. Alikuwa amejisahau tu, kwa sababu watu humnunulia viatu mtoto anayetembea. Aliinama, akachambua rundo lake, akatoa jozi moja iliyokuwa bado na karatasi ndani. Salesio aliuingiza uzi kwenye kiatu cha kulia. Ulifika mwisho bila kukunjika.

"Vya sasa ama vya kukua navyo?" Kithaka aliuliza.

"Vya Januari. Januari anaingia Gredi ya Kwanza. Ataenda kwa miguu yake."

Kithaka alivifunga kwa gazeti na kumpunguzia bei bila kuombwa, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Mtoto aliitwa Kajuju, na alikuwa na miaka sita. Alikuwa ametembea vizuri hadi alipofika miaka minne. Aliweza kumpelekea baba yake chupa ya uji kwenye karakana bila kuumwaga, akipitia kwenye mashina ya kahawa ili apate kivuli. Kisha akashikwa na homa katika msimu wa mvua ndefu, wakati barabara ya kwenda hospitalini ilikuwa tope tupu, na mama yake, Gacheri, akambeba mgongoni hadi kwenye kemisti ya Kaimenyi.

Kaimenyi alikuwa mzee wa kanisa. Kabla ya kufungua kemisti alikuwa amefanya kazi katika zahanati moja, kwanza ya kufagia, baadaye ya kufunga vidonda. Watu walimwita Daktari, naye aliitika. Alimlaza Kajuju kwenye kitanda kifupi nyuma ya pazia, kitanda ambacho Salesio mwenyewe alikuwa amekitengeneza kwa mbao za saipresi, akamdunga sindano ya malaria kwenye tako la kulia. Siku iliyofuata homa ilikuwa bado juu. Akamdunga nyingine, upande wa kushoto. Homa ikashuka. Kajuju aliposhushwa kitandani, miguu yake ilikunjika kama soksi zisizo na mtu ndani. Hakulia. Alisema haisikii sakafu.

Ni Kaimenyi aliyewapeleka hospitali ya misheni kwa gari lake. Daktari kijana aligonga magoti ya mtoto, akapitisha ufunguo kwenye nyayo zake, akasema kwamba neva zilikuwa zimeharibiwa na sindano, pande zote mbili. Alisema baadhi ya watoto hupona na baadhi hawaponi. Alimwonyesha Gacheri jinsi ya kuinyoosha miguu kila asubuhi ili isikakamae. Kisha akauliza ni nani aliyemdunga, kwa kuwa mtu huyo asipozuiwa atamdunga na mwingine.

Kaimenyi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango, ameshika sweta ya mtoto. Mlango ulikuwa wazi. Yeye na mkewe ndio waliosimamia harusi ya Salesio na Gacheri.

Salesio alisema ilikuwa kemisti fulani ya barabarani, walipokuwa safarini, na kwamba hakumbuki ni wapi. Gacheri alitazama dirishani. Daktari aliandika jambo, akamwita mgonjwa mwingine.

Hayo yalikuwa yamepita miaka miwili. Salesio alikuwa amemtengenezea binti yake kibao chenye magurudumu manne, na Kajuju alikiendesha uani kwa kusukuma ardhi kwa viganja.

Jambo lililomfanya Salesio akate uzi lilikuwa mahubiri. Mchungaji Beverlyne alikuwa amehubiri kuhusu makuhani walioamriwa kuvuka mto uliojaa kutoka ukingo hadi ukingo. Maji hayakusimama kwanza ndipo wakaingia, alisema. Waliingia, nyayo zikalowa, ndipo maji yakasimama.

"Nani hapa amelowesha nyayo?" aliuliza. "Unaomba mvua, na mtaro wa paa lako umejaa majani. Unaomba mtoto, na nyumbani hakuna hata nepi moja. Imani ni kujiandaa kabla ya kuona."

Salesio hakuwa mtu wa kutikiswa na mahubiri. Lakini haya aliyasikia kama maagizo ya kazi, yenye vipimo, na alikuwa na desturi ya kufuata vipimo.

Jumapili ya mavuno ilikuwa kesho yake baada ya kununua viatu. Siku hiyo watu huleta walichojaliwa shambani wakakipanga mbele ya madhabahu: maharagwe, ndizi, nduma, parachichi, mayai kwenye trei, majogoo waliofungwa miguu. Mchungaji huviombea vyote kwa pamoja. Ibada ikiisha, vinatolewa nje na kupigwa mnada kwa ajili ya ujenzi wa kanisa. Salesio alikuwa ameyajua haya tangu utotoni. Ila wiki hiyo alikuwa amefikiria maombi peke yake, na hakuufikiria mnada hata mara moja. Aliviweka viatu kati ya gunia la maharagwe na jogoo mwekundu, akarudi kuketi karibu na mkewe.

"Umeviweka wapi?" Gacheri alinong'ona.

"Pale mbele. Viombewe."

"Baba Kajuju. Pale ni pa mavuno."

Mchungaji alikuwa tayari amenyoosha mikono.

Nje, Muthomi ndiye aliyepiga mnada, kwa sababu alikuwa na sauti na hakuwa na aibu. Alimaliza mayai na nduma, akaviinua viatu juu kwa mikanda yake.

"Haya, hivi havijakanyaga hata vumbi! Vinang'aa kushinda kipara changu! Nani anaanza?"

Kilichowekwa madhabahuni hakirudishwi, na hilo pia Salesio alilijua. Aliinua mkono, akataja bei ya kuku. Upande wa pili wa uwanja Kaimenyi alitaja bei ya jogoo. Salesio akapanda hadi bei ya mkungu wa ndizi, akaishia hapo, kwa kuwa hizo ndizo pesa zote alizokuwa nazo. Kaimenyi akataja bei ya mbuzi mdogo.

"Kwa Daktari!" alisema Muthomi. "Ingawa sijui kama vitamtosha."

Watu walicheka. Kaimenyi alivichukua, akavuka uwanja hadi ukutani, alikokuwa Kajuju kwenye kibao chake. Alipiga magoti chini akiwa na suruali yake ya Jumapili. Nyayo za mtoto zilikuwa legelege, kwa hiyo kumvisha kulichukua muda. Alifunga mkanda wa kulia, kisha wa kushoto. Wanawake walipiga vigelegele.

"Shukuru," Salesio alimwambia mtoto.

"Asante, Daktari," alisema Kajuju.

Jumatatu, baada ya chai, viatu viliondoka.

Salesio alikuwa karakanani akipiga randa mlango alipoviona vikivuka ua, cha kulia, cha kushoto, kwa mwendo wa mtoto asiyechelewa wala asiyeharakisha. Vilikwepa dimbwi karibu na tangi la maji. Langoni vilipita chini ya mti wa kufungia lango. Aliweka randa chini, akavifuata.

Vilipitia kwenye mashina ya kahawa, vikatokea kando ya kiwanda cha kukobolea, vikapita mbele ya shule ya msingi, vikafika kwenye lami. Hapo vilisubiri pikipiki ipite. Mwanamke aliyekuwa akipeleka maziwa alivitazama.

"Si ni vya mtoto wa fundi?"

"Ndivyo," alisema Salesio.

"Vinaenda wapi?"

"Sijui bado."

"Sawa. Msalimie Gacheri."

Viliingia sokoni, vikapanda ngazi za kemisti, vikasimama kwenye veranda, vimebanana, ncha zikielekea mlango, kama viatu vya mtu anayesubiri kuitwa. Kaimenyi alikuwa ndani akipanga chupa za dawa ya kikohozi. Alitoka na ufagio. Aliona viatu, akamwona Salesio, akasalimu. Alifagia kulia kwa viatu na kushoto kwa viatu, akarudi ndani. Jioni, alipoteremsha mlango wa bati, viatu viligeuka vikarudi nyumbani kwa njia ileile.

Kesho yake vilikwenda tena, na siku zote za kazi zilizofuata. Jumapili vilipumzika. Vijana walivipiga picha kwa simu, na picha zilitoka vizuri. Wateja wa kemisti walijifunza kuvikwepa. Ilipobidi kueleza, watu walisema kwamba viatu vinaenda kumshukuru aliyevinunua, na kwa kuwa hakuna aliyetoa maelezo mengine, maelezo hayo yakabaki.

Gacheri hakutoa maelezo. Alikuwa akiinyoosha miguu ya binti yake kila asubuhi, kama alivyofundishwa, na asubuhi moja akiwa ameshika kisigino, Kajuju alisema, "Sasa viko kwa kokoto."

"Nini?"

"Viatu. Vimetoka kwa mchanga, sasa ni kokoto."

Gacheri alimfinya kidole cha mguu kwa kucha.

"Unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na sasa viko wapi?"

Kajuju alifumba macho. "Lami. Imeanza kuwa moto."

Gacheri aliendelea kunyoosha, mara kumi mguu huu, mara kumi ule. Baada ya muda aliuliza tena.

"Simiti," alisema Kajuju. "Baridi. Vimesimama."

Mwezi wa Novemba Salesio aliitwa mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Alivaa koti. Kaimenyi alikuwa ameketi kwenye viti vya wazee, mkono kwenye goti. Salesio alishika kipaza sauti na kukitazama kidogo, kama kifaa cha fundi mwingine.

"Nilinunua viatu mtoto akiwa hatembei," alisema. "Sasa viatu vinatembea."

Watu walingoja. Hakuwa na jambo jingine ambalo angeweza kulisema bila kulisema lote. Alirudisha kipaza sauti.

"Amina," alisema Mchungaji Beverlyne. Alikuwa mwanamke mkweli na hakupenda kutia chumvi. "Bwana ameanza na viatu. Tutangoja."

Januari shule zilifunguliwa. Kajuju alibaki nyumbani akiwa amevaa sare. Katikati ya wiki mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Celina, alikuja hadi karakanani akiwa na mwavuli.

"Baba Kajuju, viatu vya mtoto wako vinapita langoni kwangu kila asubuhi. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, Mwalimu."

"Basi viatu ni vitoro. Vinapita shule vinaenda sokoni."

"Sivitumi mimi."

"Mlete mtoto. Hata mgongoni."

"Nilisema ataenda kwa miguu yake."

"Ulimwambia nani?"

"Mungu."

Celina alikunja mwavuli, ingawa mvua ilikuwa haijakatika. "Mungu hatakuja kumfundisha kusoma, Fundi. Hiyo ni kazi yangu, na nimeshafika herufi ya *d*."

Salesio aliendelea kupima ubao uleule aliokwisha kuupima. Gacheri alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Asubuhi iliyofuata alimfunga Kajuju mgongoni kwa leso, na kwa kuwa ilikuwa ndiyo saa ya viatu kuondoka, waliondoka pamoja. Viatu vilitangulia. Mama alifuata akiwa amembeba mwenye viatu. Walipofika langoni, Gacheri aliingia shuleni na viatu vikaendelea na safari. Ikawa hivyo kila siku. Kajuju alijifunza herufi haraka. Siku za soko Mwalimu Celina alimwona akiinua kichwa ghafla bila sababu, kama mtu aliyekanyagwa mguu, na mwanzoni alimkemea, kisha akaacha.

Siku moja Gacheri alipomfikisha mtoto darasani, hakurudi nyumbani. Alivifuata viatu hadi kwenye kemisti, akaingia.

"Muga, Daktari," alisalimu.

"Muga, Mama Kajuju. Karibu. Viatu viko hapo nje, havinisumbui."

"Havikuja kushukuru."

Kaimenyi alikuwa akihesabu vidonge kwenye karatasi. Alimaliza, akaikunja.

"Vimekuja kufanya nini?"

"Vinangoja useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba ni wewe."

Nje, mtu alikuwa akipakua kreti za soda. Kaimenyi alisubiri kelele ziishe.

"Mimi nilimtibu homa," alisema. "Homa ile ingemwua. Hilo hulisemi."

"Nitalisema. Sema lako, na mimi nitalisema hilo, hata kanisani."

"Mume wako alimwambia daktari wa hospitali ni kemisti ya barabarani. Nilikuwa mlangoni, nilisikia. Sasa unataka mimi, niliyewasimamia kanisani, nije nimwite mume wako mwongo?"

Mwanamke mmoja aliingia akiwa na mtoto aliyekuwa akitetemeka ndani ya shali. Kaimenyi alimgusa mtoto paji la uso kwa upande wa nyuma wa mkono, kwa upole, kama baba yeyote angefanya, akainua pazia. Gacheri alitoka. Kwenye veranda alivisogeza viatu kando kwa mguu wake ili watu wapite. Vilirudi mahali pake.

Nyumbani alimweleza Salesio maneno ya Kaimenyi jinsi yalivyosemwa, bila kuongeza. Salesio alikuwa na penseli nyuma ya sikio. Aliitoa, akaiweka juu ya meza.

"Ni kweli nilisema hivyo," alisema.

"Najua. Nilikuwepo."

Wiki iliyofuata alivaa lile koti la ushuhuda, akaenda hospitali ya misheni. Yule daktari kijana alikuwa amehamishiwa Embu. Aliyekuwepo alimsikiliza hadi mwisho. Salesio alitaja jina, mahali, tako la kulia na la kushoto. Daktari alisema jambo hili lilipaswa kusemwa wakati ule, na kwamba wao kazi yao ni kutibu, hawafungi kemisti za watu. Kuna ofisi nyingine inayohusika. Salesio alikwenda katika ofisi hiyo nyingine. Aliyehusika alikuwa kwenye semina. Alirudi mara ya pili, akaambiwa kwamba mtu huyo anayelalamikiwa ana sifa njema, na kwamba viatu vya mtoto wa mlalamikaji mwenyewe huenda kumshukuru kila siku, jambo ambalo hata hapa ofisini limesikika.

"Haviendi kushukuru," alisema Salesio.

"Vinaenda kufanya nini?"

"Vinangoja."

"Basi navyo vingojee," alisema karani, bila ubaya wowote. "Hata sisi tunamngoja mkubwa arudi."

Mvua ndefu zilianza. Asubuhi moja ya Jumamosi, Gacheri akiwa ameushika mguu wa kushoto, Kajuju alisema, "Vimeguswa."

"Na nani?"

"Kuna vingine kando yake. Vidogo. Vya plastiki."

Vilikuwa ndara za mtoto wa Mbaka, anayeuza nduma karibu na kituo cha mafuta. Mtoto alikuwa amevuliwa ndara mlangoni, akapandishwa kwenye kitanda kifupi nyuma ya pazia. Aliteremshwa mikononi mwa baba yake, na kwa kuwa ndara hazikuhitajika, zilisahauliwa pale. Jioni mlango wa bati uliposhuka, ndara zilirudi na viatu vya Kajuju hadi kwenye njia panda, kisha zikashika njia ya kwa Mbaka. Jumatatu asubuhi Salesio alivikuta viatu vya binti yake vimesimama kwenye njia panda hiyo, vikizisubiri.

Alikwenda kwa Mbaka jioni hiyo. Mbaka alikuwa akiosha nduma kwenye karai. Mtoto alikuwa ameketi juu ya gunia, miguu imenyooka mbele yake.

"Ni yeye aliyemdunga?" Salesio aliuliza.

"Nani?"

"Kaimenyi."

Mbaka aliigeuza nduma mkononi. "Alitupeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe. Hakutaka hata nauli."

"Walikuuliza huko ni nani?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

Mbaka alikwangua tope kwa kisu, akaitupa nduma kwenye ndoo safi. "Na wewe ulisema?" aliuliza.

Salesio alikaa pale mpaka nduma zikaisha. Kabla ya kuondoka alipima urefu wa mtoto kwa jicho, na siku ya tatu alimletea kibao chenye magurudumu manne.

Agosti ilipofika, na shule kufungwa, Kajuju alikuwa anaweza kusoma majina ya maduka yote ya Kanyakine ingawa alikuwa amepelekwa huko mara chache. Miguu yake haikuwa imebadilika, ila ilikuwa imeongezeka urefu. Salesio alikata uzi mwingine. Kithaka alipouona, alitoa jozi ya saizi iliyofuata bila kuuliza. Jumapili ya mavuno Salesio aliviombea viatu hivyo mwenyewe, nyumbani, akaviweka chini ya kitanda mahali pa vile vya zamani, ambavyo soli zake zilikuwa zimeisha. Jumatatu baada ya chai, vipya viliondoka.

Wiki hiyo Kaimenyi alikuja karakanani. Alisimama mlangoni akitazama vumbi la mbao, kwa kuwa alikuwa amevaa viatu vizuri.

"Fundi."

"Mzee."

"Veranda yangu imejaa. Jana mama mmoja alijikwaa, nusura aanguke na mtoto. Nataka rafu. Ya viatu."

Salesio alichukua penseli na kipande cha ubao cha kuandikia vipimo.

"Ya jozi ngapi?"

"Kumi na mbili."

Salesio alisimamisha penseli. Yeye, kama kila mtu aliyepita sokoni, alijua hesabu: tangu zile ndara, jozi nyingine mbili zilikuwa zimejiunga.

"Ziko jozi nne, Mzee."

"Najua." Kaimenyi hakuwa akitania, wala hakuwa akitisha. Alikuwa na uso wa mtu anayepanga mambo yake vizuri. "Si mchungaji alitufundisha? Unajiandaa kabla ya kuona."

Salesio angeweza kukataa. Alilifikiria jambo hilo kwa utaratibu, jinsi alivyofikiria mambo yote. Akikataa, kuna fundi mwingine karibu na kinu, ambaye hapigi msasa, na viatu vya watoto vingesimama kwenye mbao zenye vibanzi. Aliandika urefu, upana na kimo.

Alitumia saipresi iliyokauka. Alitengeneza rafu tatu, na ile ya chini aliipa kina zaidi ya nyingine, kwa kuwa mtoto hukua. Alipiga randa pande zote, hata upande wa nyuma utakaoelekea ukuta, ambao hakuna mtu ambaye angeuona. Alipiga msasa wa kwanza, kisha ule laini. Ijumaa jioni aliipeleka kwa mkokoteni, akaisimamisha kwenye veranda, akaiwekea vipande vya mbao chini mpaka ikaacha kucheza.

Jumamosi asubuhi viatu vilikwenda kama kawaida. Salesio alikuwa uani. Gacheri alikuwa kwenye mkeka, ameushika mguu wa kulia wa Kajuju, akiunyoosha.

"Sasa viko wapi?" aliuliza.

"Lami," alisema Kajuju. Baadaye akasema, "Ngazi." Kisha uso wake ukatulia, akawa akisikiliza kwa nyayo ambazo mama yake alikuwa akizifinya bila jibu.

"Na sasa?"

"Mbao," alisema Kajuju. "Zimepigwa msasa vizuri."